Mzee Ombati Hakushuka Ziwani

Gesima, Nyamira
Julai, 1998

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Nakuamkia kwa heshima yote, nikiwa mbali na mkono wako ambao ningekuwa karibu ningeubusu kabla sijasema neno. Je, mguu umepona? Barua yako ya mwisho haikuutaja, na kwa kuwa wewe huandika kila jambo kwa utaratibu wake, ukimya huo nimeuchukua kuwa ndiyo jibu. Tafadhali mwone daktari, wala usijitibu kwa sababu tu ulikuwa dresa wa zahanati maisha yako yote. Mama naye, kifua kimeacha kumsumbua? Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi bado inanishinda, na sweta aliyonifumia Mama siivui mpaka jua litoke, siku ambazo linatoka.

Uliniuliza hivi: "Watu wa milimani wanaichukuliaje habari hii ya dunia kupata joto? Wanaiogopa?" Ningeweza kukujibu kwa mistari michache, kwani hiyo ndiyo kazi iliyonileta huku, na jibu nilikuwa nalo tayari. Lakini katika nyumba ninayokaa yametokea mambo yaliyonifanya nisiliamini tena jibu hilo. Nitakueleza kwa mpangilio yalivyotokea, nawe utapima.

Mwenye nyumba yangu anaitwa Mzee Ombati. Ana shamba la chai lililoteremka hadi kijitoni, ndizi nyuma ya jiko, na ni mzee wa kanisa la Wasabato. Mkewe ni Mama Kwamboka, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika ng'ambo ya pili ya bonde. Ulikuwa na wasiwasi kwamba nitapata shida ya chakula kwa watu wasio wa dini yetu. Kinyume chake, Wasabato hawali nguruwe wala hawanywi pombe, na siku ya kwanza Mzee alipoona nimeuliza habari za nyama, alicheka akasema, "Mama, kumbe wewe ni Msabato ambaye hajaambiwa!" Kiswahili wamejifunza shuleni na sokoni, nao hukitumia kwa ajili yangu tu; wakiwa peke yao husema Kigusii, na mimi hujua tu kwamba nimetajwa kwa jinsi wanavyonitazama.

Kazi yangu ni kwenda nyumba kwa nyumba, kuanzia huku Gesima hadi sokoni Nyakoe, nikiuliza maswali niliyopewa. La kwanza ni kama mtu anaona kwamba hali ya hewa inabadilika. Baba, hakuna aliyekataa. Baada ya mvua ile ya Elnino iliyobeba madaraja na migomba, nani angekataa? Sababu ndizo zilizotofautiana. Vijana walisema ni kukatwa kwa miti. Fundi cherehani wa Nyakoe alinieleza, bila kuacha kukanyaga cherehani yake, kwamba wazungu walipokwenda mwezini walitoboa mawingu na hawakurudi kuziba. Mzee Ombati alisema ni dalili za siku za mwisho, na alikuwa na aya zake tayari.

Swali la pili ni kama mtu anahofia kwamba mabadiliko hayo yatamdhuru yeye. Hapo watu wa sababu zote walirudi kuwa kitu kimoja. "Hapana," walisema. "Hapa ni juu." Bahari ikipanda, hapa ni juu. Ukame ukija, utaishia chini. Magonjwa ya joto ni ya chini, upande wa ziwa, Kisumu na Homa Bay. Nikadhani nimepata jibu lako: watu hawa wanaamini, lakini hawaogopi. Lilikuwa jibu safi, na ningekutumia hivyo hivyo.

Kisha Mzee Ombati akapata homa.

Alianza kwa kutetemeka akiwa katikati ya shamba la chai, akaketi chini ya mgomba akiwa amejifunika koti. Mama Kwamboka alimlazimisha kwenda zahanati, nami nikafuatana nao. Zahanati yetu ni vyumba viwili na hadubini moja ya zamani, chini ya muuguzi aitwaye Bwana Momanyi, ambaye watu wote humwita daktari. Ni mtu makini, anayesikiliza kabla ya kugusa, na nadhani ungependa kufanya kazi naye. Huku, Baba, kila mwenye homa huulizwa swali moja kabla ya mengine yote, na Bwana Momanyi alimwuliza Mzee hilo hilo.

"Mzee, umeshuka ziwani siku hizi?"

"Sijashuka."

"Hata kulala Kisii mjini?"

"Nilale Kisii, nyumba yangu imeungua?"

"Omogaka," Mama Kwamboka akadakia. Ndivyo anavyomwita mumewe. Maana yake ni mzee. "Fikiria vizuri. Si ulienda?"

"Nilienda wapi?"

"Si kule."

"Kule wapi, mwanamke? Mimi nimekuwa kwa chai yangu."

Mama Kwamboka akatazama dari. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

"Basi ni homa ya baridi," alisema Bwana Momanyi. "Mvua imewapiga wengi." Akampa vidonge vya kutuliza maumivu. Nilimwomba ampime damu hata hivyo. Alinijibu kwa adabu kabisa.

"Madam, wewe umetoka pwani, na kwenu kila homa ni malaria. Hapa ni juu. Mimi ninaletewa vioo vichache vya kupimia damu na kwinini kidogo. Nikimpima kila mtu mwenye baridi, siku mgonjwa wa kweli akija nitampima na nini?" Kisha akaongeza, na maneno haya ningependa uyashike: "Tangu nije hapa, kila mtu niliyemkuta na malaria alikuwa ameshuka ziwani. Wote. Hakuna hata mmoja ambaye hakushuka."

Mwenye dawa kidogo ni lazima achague, na alikuwa akichagua kwa kigezo ambacho uzoefu wake mwenyewe ulikithibitisha kila siku. Tulirudi nyumbani na vidonge.

Jumamosi, ambayo ndiyo Sabato yao, nilikuwa nikiosha vyombo nilivyotumia usiku niliposikia Mzee akipaza sauti chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu, akiamrisha watu wasiokuwepo kwa Kigusii, na mwanawe mmoja akanitafsiria. "Leteni vikapu! Twende tuchume, majani yanakomaa!" Mimi nilidhani ni kuweweseka kwa kawaida. Mama Kwamboka aliganda mlangoni kama aliyeona moto. Katika nyumba hii, Baba, siku ya Sabato hata kuni hazipasuliwi.

"Huyo si omogaka," aliniambia. "Mume wangu hawezi kusema chai leo. Hiyo ni homa inaongea."

Wanawe na majirani walifunga kiti cha mbao kwenye miti miwili, wakambeba. Njia ni ya udongo mwekundu na ilikuwa imelowa, hivi kwamba waliokuwa mbele waliteleza mara kwa mara, na Mzee kila alipotikiswa aliwakemea kwa uvivu wa kuchuma. Bwana Momanyi alitoka nyumbani kwake, nyuma ya zahanati, akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

"Ameshuka ziwani?"

"Ameshuka!" Mama Kwamboka alijibu kabla swali halijaisha. "Alienda kununua samaki."

"Lini? Si aliniambia hakwenda?"

"Alisahau. Ni mzee, daktari."

"Samaki gani?"

"Samaki ya ziwa. Ile kubwa."

Nilisimama hatua mbili kutoka kwao, mimi ambaye kazi yangu ni kukusanya majibu ya kweli, na nikanyamaza. Bwana Momanyi hakuuliza zaidi. Alimdunga Mzee kidoleni, akapaka damu kwenye kioo, akakirekebisha chini ya hadubini karibu na dirisha, akitafuta wadudu wa malaria. Alipoinua uso alisema neno moja tu: "Wamejaa." Akaenda kuleta kwinini.

Siku mbili hatukujua mambo yangeelekea wapi. Mama Kwamboka alikaa kando ya kitanda cha zahanati bila kuimba wala kupiga kelele, jambo lililowatisha watoto wake kuliko ugonjwa wenyewe. Siku ya tatu Mzee aliomba uji, akaonja, akasema una moshi. Hapo mkewe alilia.

Wakati Mzee akiwa bado zahanati, nilikwenda mimi na gunia la majani kwenye kituo cha kununulia chai, ili mavuno ya wanawe yasipotee. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya mizani. Jirani yetu Nyaboke, ambaye hana siri, alinipigia kelele.

"Madam! Habari ya mvuvi wetu?"

Wote wakacheka.

"Anapata nafuu," nilisema.

"Alinunua samaki ngapi?" Kicheko kingine. "Usijali, hata mimi nilishuka mwezi uliopita. Nilishuka nikiwa kitandani kwangu, nimefunikwa blanketi mbili."

"Mimi nilishuka na mtoto," akasema mwingine. "Tulipanda basi la uongo."

"Gesima yote tumekuwa wavuvi," Nyaboke akamalizia. "Kilichobaki ni kununua mtumbwi!"

Nilicheka nao, kwa sababu ilichekesha. Lakini nikitembea kurudi nyumbani niliyakumbuka maneno ya Bwana Momanyi: wote walishuka, hakuna hata mmoja ambaye hakushuka. Bila shaka. Asiyeshuka hapimwi, na anayetaka kupimwa husema ameshuka. Kila uongo humwokoa mtu mmoja, na papo hapo humhakikishia muuguzi kwamba ugonjwa uko chini ziwani na haujapanda huku. Naye, akiwa amehakikishiwa, humrudisha nyumbani mgonjwa anayefuata ambaye hajui la kujibu, au anayejua na hataki. Swali lile lilikuwa sahihi kwa hali ya hewa iliyolizaa. Hali imebadilika, swali limebaki, na watu wenye akili zao wanalizunguka kimya kimya badala ya kulipinga.

Ninapaswa kuwa mwangalifu hapa, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutoruka kutoka dalili moja hadi ugonjwa. Sisemi kwamba joto la dunia ndilo lililomlaza Mzee Ombati. Bondeni watu wamechimba mashimo ya kufyatulia matofali, na mvua ya Elnino iliyajaza. Vinamasi vimelimwa. Watu wanasafiri zaidi ya zamani. Wazee husema pia kwamba usiku umekuwa na joto kuliko enzi za utoto wao, nami sina kipimo cha kuwathibitishia au kuwakanusha. Mchango wa kila jambo siujui. Ninachokijua ni kwamba mbu wapo, na mtu ambaye hakushuka ameugua.

Mzee aliporuhusiwa kuondoka, Bwana Momanyi alimshika mkono akamwambia, "Sasa upunguze samaki, Mzee." Tulipofika nyumbani Mzee aliketi, akavua kofia.

"Samaki gani huyo?"

Mama Kwamboka alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho. "Nilimwambia ulishuka."

"Nilishuka lini?"

"Hukushuka."

"Umesema uongo kwa kinywa changu. Siku ya Sabato."

"Kinywa chako kilikuwa kinaita watu wachume chai siku ya Sabato! Ningetumia kinywa gani?" Sasa alikuwa amesimama, kisu mkononi. "Ungekufa mkweli, omogaka. Na mimi ningebaki hapa, mjane wa mkweli, nakula huo ukweli na mboga."

Mzee aligeuzageuza kofia yake, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe mwenye maswali. Homa hii ilitoka wapi?"

Nikamweleza niliyokueleza wewe, mashimo, mvua, joto la usiku, na kwamba sina hakika na kiasi cha kila kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo huna hakika."

"Sina, Mzee."

"Mimi niko na hakika moja," alisema. "Sikushuka."

Kesho yake nilikwenda Kisii mjini kutafuta chandarua. Mama Kwamboka alinisindikiza hadi barabarani, akaninong'oneza, "Wakiuliza, sema ni ya mgeni." Niliingia kwenye duka la blanketi la Mhindi mmoja ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapo tangu babu yake. Blanketi zilikuwa zimepangwa hadi dari. Nilipotaja chandarua hakuonyesha mshangao wowote.

"Ya mgeni?" aliuliza.

"Umejuaje?"

"Mama, wote wa chai wanakuja wananiambia ya mgeni. Mgeni anatoka Kisumu, mgeni anatoka Homa Bay. Zamani nilikuwa nauza moja, mbili, kwa mwaka. Sasa nimeagiza zingine." Akakifunga kwa kamba, akanitolea bila tabasamu. "Nyamira imepata wageni wengi sana."

Mfanyabiashara huyo hakuwahi kuulizwa swali hata moja kati ya yale niliyoletwa kuuliza, na alikuwa na jibu kamili kuliko langu.

Nilipofika nyumbani niliambiwa kwamba Mzee ameondoka. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, katikati ya juma, akashika njia ya zahanati kwa miguu ambayo bado ilikuwa dhaifu. Nilimkimbilia. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Bwana Momanyi, na benchi la wagonjwa limejaa nyuma yake. Nyaboke alikuwepo, amempeleka mama mkwe wake.

"Daktari, nimekuja kuondoa ile samaki."

"Samaki gani tena, Mzee?"

"Ile mke wangu alisema nilienda kununua. Hakuna samaki. Sikushuka. Tangu mwaka jana sijafika hata Nyakoe."

Bwana Momanyi aliweka kalamu chini. "Mzee, mimi niliwaona wale wadudu kwa macho yangu. Kama hukushuka, malaria ulipata wapi?"

"Kwangu. Kitandani kwangu, hapa juu."

Muuguzi alimtazama, kisha akalitazama benchi. Watu walianza kuangalia sakafu. Mmoja alimfunika mtoto wake ambaye tayari alikuwa amefunikwa.

"Na nyinyi wengine?" aliuliza polepole. "Wale niliowatibu. Mlishuka?"

Nyaboke ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Daktari, sisi hata samaki hatuli."

Wakacheka wote, hata mama mkwe wake aliyekuwa akitetemeka. Bwana Momanyi hakucheka. Nilimwona akihesabu kichwani, na nadhani nilijua anachohesabu: wale aliowauliza, wakasema kweli, akawapa vidonge vya maumivu. Baada ya muda alimwita mgonjwa aliyefuata, msichana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Akafungua kinywa kuuliza. Akakifunga. Akanyoosha mkono, akachukua sindano ya kidole.

Basi hilo ndilo jibu langu, Baba, na utaona kwamba halifai kuingia katika karatasi nilizopewa. Jioni ile Mzee Ombati aliniambia kwamba bado anaamini ni dalili za siku za mwisho, na kwamba bahari haitafika Gesima kwa sababu hapa ni juu. Maoni yake yako palepale. Nimeacha kuwauliza watu kama wanaamini hali ya hewa inabadilika. Sasa nauliza wamenunua nini, wameacha kupanda nini, na wanawaambia nini wale wenye mamlaka ya kuwapa au kuwanyima msaada. Majibu yamekuwa marefu, na fundi cherehani wa Nyakoe, yule wa mwezini, amekiri kwamba ana vyandarua viwili.

Nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya niandike leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Tangu Bwana Momanyi aache lile swali, vioo vimekwisha. Ameomba vingine na bado havijaletwa, na benchi linazidi kujaa. Kwinini iliyobaki haitoshi kila mwenye homa, kwa hiyo ni lazima achague tena, na safari hii hana kigezo. Wewe ulitibu malaria miaka mingi katika zahanati zisizo na hadubini. Niandikie ulikuwa ukitazama nini kwanza: macho, wengu, viganja, mpangilio wa homa, na kipi kiliwahi kukudanganya. Andika kwa kirefu kama unavyoandika siku zote. Nimemwambia kwamba nina baba anayejua, naye ameniuliza mara mbili kama barua imekuja.

Nisalimie Mama, na umwambie sweta imekuwa mali ya nyumba nzima; Mama Kwamboka huivaa akienda kukamua ng'ombe. Msalimie shangazi Zuhura, mpishi wetu wa harusi, na mjomba Athumani anayesomesha chuoni. Kaka Salim, fundi wa majokofu, mwambie huku kazi yake ingemfilisi. Bibi umbusie mkono wake kwa niaba yangu, na usimwambie habari za homa, maana atataka nirudi.

Chandarua kinaning'inia juu ya kitanda cha Mzee Ombati, na huonekana mtu akipita sebuleni. Mgeni akiuliza, Mama Kwamboka husema ni cha mgeni. Mzee humsahihisha kutoka chumbani.

Nakutakia afya na utulivu, nikiomba dua zako ziniandame huku juu.

Bintiyo akupendaye,
Mwanakombo